Mnara Ukitoa Povu, Asilaumiwe Mtu wa Zamu



Mwezi huu tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja aliyejifunza kazi ya mitambo hapa Mombasa, na ambaye sasa yuko kazini katika kiwanda cha kusafisha gesi huko Ghuba. Jina lake hatulitaji, wala la kiwanda, maana riziki yake bado iko huko. Asema kwamba usiku mmoja, yapata saa nane na nusu, mnara wa kusafishia gesi ulianza kucheza. Kipimo cha presha kilipanda na kushuka bila kutulia. Dawa iliyo chini ya mnara ikapungua hata ikakaribia kwisha, kisha ikarudi kwa kishindo. Gesi iliyotoka juu ikawa chafu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Alimwamsha msimamizi wake kwa simu. Akaambiwa atie dawa ya kuua povu na kazi iendelee, gesi isipunguzwe. Akatia. Mnara ukatulia kwa saa moja, ukaanza tena. Akatia tena. Kufika alfajiri ikabidi gesi yote ipelekwe kwenye mwenge ichomwe. Siku ya tatu akapewa barua ya onyo, nayo yasema: uzembe kazini.

Ndugu huyu atuuliza maswali mawili. Kwanza, je, kosa lilikuwa lake? Pili, afanye nini mnara ukicheza tena, maana ajua utacheza tena.

Tumeona yafaa kumjibu mbele ya wanachama wote, wala si kwa barua ya siri. Kiwanda cha Changamwe kilichofunguliwa mwaka 1963 kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo Mkenya mwenye ufundi wa namna hii mara nyingi hana budi kuvuka bahari akitaka kuutumia. Tena jambo lenyewe si la gesi peke yake. Kila mwanachama aliyewahi kulaumiwa kwa mtambo ambao ulikuwa mgonjwa kabla yeye hajaingia zamu atalitambua.

Kwanza tueleze kazi ya mnara, kwa ajili ya wale ambao hawajauona.

Gesi itokayo ardhini mara nyingi haitoki safi. Huwa imechanganyika na hewa ya kaboni, na pengine na ile gesi ya sumu inukayo kama mayai viza, iitwayo hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo haiwezi kuuzwa mpaka ioshwe. Kwa bomba nyingi za gesi, kiasi cha ile sumu kinachoruhusiwa ni kama sehemu 4 tu katika milioni. Njia ya kuiosha kwa dawa iitwayo amini ilisajiliwa Marekani mwaka 1930 kwa jina la R. R. Bottoms, na hata leo viwanda vingi vyaitegemea. Jina la dawa ni amini, lakini si ya kuaminiwa bila kupimwa.

Mnara wenyewe ni chombo kikubwa cha chuma kilichosimama wima. Ndani mna trei, aghalabu kama 20, moja juu ya nyingine. Gesi chafu huingia chini ikapanda. Dawa, iliyochanganywa na maji, huingia juu ikateremka trei kwa trei. Vikutanapo, dawa huikamata ile sumu. Gesi iliyosafika hutokea juu. Dawa iliyolemewa hutokea chini, ikapelekwa mnara wa pili, ikachemshwa kwa mvuke hata kufikia joto la kama digrii 120, ikatema ilichobeba, ikapozwa, ikarudishwa juu ya mnara wa kwanza. Basi dawa ni ile ile, yazunguka usiku na mchana. Ni kama dobi afuaye nguo za mji mzima kwa maji yale yale, akiyachuja na kuyatumia tena. Maji hayo yakichafuka hata yakaharibu shuka, si haki kumlaumu kijana aliyelishika shuka la mwisho.

Sasa, kwa nini mnara hucheza? Trei hufanya kazi kwa sababu gesi hupenya ndani ya dawa kwa mapovu madogo. Dawa ikiwa safi, mapovu hayo hupasuka mara moja. Dawa ikiwa chafu, mapovu hukaa, hujazana, hupanda mpaka kuifikia trei ya juu. Gesi hukosa njia, na tofauti ya presha kati ya chini na juu ya mnara huongezeka. Dawa hushikwa juu na povu, kwa hivyo chini hupungua. Povu likianguka, dawa yote hushuka kwa pamoja. Na povu likipita kileleni, dawa hutoka na gesi, ikawa hasara juu ya hasara. Haya ndiyo aliyoyaona ndugu yetu, na aliyaandika sawasawa.

Lakini si kila mnara unaocheza una povu, na hapa ndipo wakubwa wengi hukosea kwa haraka yao. Yafaa kuuliza kwa utaratibu.

Je, kipimo chasema kweli? Vibomba vidogo vya kupimia presha huziba, na kipimo kikasema uongo. Valvu ya chini nayo hunasa, ikafunguka na kufunga kwa vishindo, na kiwango cha dawa kikapanda na kushuka ingawa mnara hauna neno. Yampasa mtu kwenda mnarani akatazame kioo, asitegemee chumba cha vipimo peke yake.

Je, gesi imezidi uwezo wa mnara? Hapo presha hupanda kila gesi inapoongezwa, ikashuka kila inapopunguzwa, na dawa ya kuua povu haisaidii kitu. Je, trei zimeziba? Kuziba hakuji kwa usiku mmoja. Daftari litaonyesha presha ikipanda kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

Na je, presha imetulia kabisa lakini gesi yatoka chafu? Basi povu halihusiki. Itazamwe nguvu ya dawa, na wingi wake, na joto lake, na kama mnara wa pili waichemsha vya kutosha. Tena kitazamwe kile chombo ambamo dawa iendayo kuchemshwa hupashwa moto na ile iliyokwisha kuchemshwa. Kikitoboka ndani, dawa chafu huingia katika safi, na hata ukichemsha namna gani gesi itatoka mbaya. Ukipima dawa safi kabla ya chombo hicho na baada yake, utajua.

Kama ni povu kweli, chupa moja yatosha kulithibitisha. Chukua dawa iliyokwisha kuchemshwa, si ile iliyolemewa kwa sumu, uitie katika chupa safi, uitikise, uiweke mezani, uhesabu sekunde mpaka povu litakapokwisha. Fanya hivyo kwa dawa ya kabla ya chujio na ya baada ya chujio. Fanya hivyo kila juma, si siku ya msiba tu, ili ijulikane sekunde za kawaida ni ngapi. Kazi hii haina gharama.

Kisha iulizwe povu limetoka wapi. Sababu zake zajulikana, wala si siri za mainjinia.

Ya kwanza ni mafuta mepesi yaliyomo ndani ya gesi. Dawa ikiingia mnarani ikiwa baridi kuliko gesi, mafuta hayo hugeuka matone ndani ya mnara, kama umande juu ya glasi ya maji baridi, na mafuta ndani ya dawa ni povu. Desturi njema ni dawa izidi joto la gesi iingiayo kwa kama digrii 5. Pia lile tangi la kutenga majimaji kabla gesi haijaingia mnarani likijaa bila kumwagwa, mafuta huingia moja kwa moja.

Ya pili ni vumbi jeusi lionekanalo katika machujio. Ndugu, vumbi hilo aghalabu ni chuma kilicholiwa na ile gesi ya sumu. Ni mwili wa bomba na minara. Mtu akikuonyesha chujio jeusi na kusema ni uchafu tu, mwulize ni chuma cha wapi kilichopungua.

Ya tatu ni dawa zitiwazo visimani na mafuta ya kompresa yaliyovuja. Ya nne ni machujio mapya ya pamba ambayo hayakuoshwa, na mkaa wa kuchujia uliokwisha nguvu miezi iliyopita lakini haujabadilishwa. Ya tano ni maji mabaya ya kuongezea, na hewa iingiayo katika tangi la dawa. Hewa hiyo huiharibu dawa na kufanya chumvi ambazo hata mvuke hauwezi kuzitoa. Ya sita, nayo ni ya kuchekesha kama isingekuwa na hatari, ni ile dawa ya kuua povu yenyewe. Ikitiwa kupita kiasi, nyingine huongeza povu. Tena ikitiwa kabla ya mkaa wa kuchujia, mkaa huinywa yote, na mtu wa zamu aendelea kutia akidhani aponya.

Sasa twauliza. Katika sababu hizi, ni ipi iliyokuwa mikononi mwa ndugu yetu saa nane na nusu za usiku? Yeye hakununua machujio. Hakukataa kubadilisha mkaa. Hakuchagua maji ya kuongezea. Hakuacha tangi la dawa wazi kwa hewa. Aliyokuwa nayo ni mambo mawili tu: joto la dawa na wingi wa gesi. La kwanza alilitazama, na barua yake yasema lilikuwa sawa. La pili alikatazwa kuligusa.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hili: kosa halikuwa lake. Povu la usiku mmoja lilipikwa kwa miezi, katika ofisi ambazo usiku hufungwa.

Hatusemi dawa ya kuua povu isitumike. Hutuliza, na pengine kutulia kwa saa moja ndiko kunakookoa kazi ya siku. Twasema kwamba ni kama dawa ya homa. Mtoto akinywa dawa ya homa kila usiku kwa mwezi mzima, mzazi mwenye akili hamsifu muuza duka, bali humpeleka mtoto hospitali. Ikiwa mnara wahitaji dawa hiyo kila zamu, basi huo ni mgonjwa, na kila chupa inayotiwa yaficha ugonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kifo hapa si maneno ya methali tu. Ile gesi ya mayai viza hunuka ikiwa kidogo, lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi kwa dakika chache na mtu hudhani imeondoka. Ikikaribia sehemu 1000, mtu huanguka kwa pumzi moja au mbili. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa mashimoni na chini ya mitambo. Wengi waliokufa kwa gesi hii walikufa wakimkimbilia mwenzao aliyeanguka, bila mtungi wa hewa.

Ipo tena habari moja ambayo kila mtu wa minara hii yampasa kuijua. Tarehe 23 Julai 1984, katika kiwanda cha Union Oil huko Romeoville, jimbo la Illinois, Marekani, mnara wa amini ulipasuka. Ulikuwa na urefu wa mita 18.8, na chuma chake kilikuwa na unene wa milimita 25. Opareta aliona gesi ikivuja katika ufa wa kama sentimita 15. Akaenda kufunga valvu, na ufa ukakua hata sentimita 60 mbele ya macho yake. Watu wakaanza kuondolewa na wazima moto wa kiwanda wakafika. Kisha mnara ukakatika, gesi ikashika moto, na sehemu ya juu yenye urefu wa mita 14 ikaruka umbali wa kilomita 1. Walikufa watu 17, na 10 kati yao walikuwa wazima moto.

Ufa huo haukutokana na povu. Tumeitaja habari hii kwa sababu ya namna ugonjwa ulivyotibiwa. Mnara uliingia kazini kama mwaka 1970. Baadaye chuma chake kilionekana kimeharibiwa na hidrojeni, na mwaka 1974 pete moja ya mnara ikaondolewa, ikalehemiwa nyingine mahali pale pale. Mishono ile haikupashwa moto baada ya kulehemiwa ili kuuondoa mkazo, na kando yake chuma kikawa kigumu kupita kiasi. Mwaka 1976 sehemu ya chini ikatiwa bitana ya madini mengine ndani. Dalili ilikuwa imefunikwa mara mbili. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba nyufa zilikuwa zimekwisha kupenya zaidi ya sehemu 90 katika 100 za unene wa chuma kabla ya siku ile. Mnara ulikuwa umesimama kwa ngozi tu, na watu walikuwa wakipita chini yake kila zamu. Mwaka 1990 shirika la mafuta la Marekani, API, lilitoa kitabu namba 945 juu ya nyufa za mitambo ya amini, nacho chashauri mishono hiyo ipashwe moto. Ushauri huo umelipiwa damu.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaongeza: ukiuziba vibaya, hutapata nafasi ya kujenga.

Twajua wenye kazi watajibu nini. Watasema kupunguza gesi kwa saa moja ni hasara kubwa, na mtu wa zamu akipewa ruhusa hiyo ataitumia kila akisikia usingizi. Hasara ipo, hatukatai. Lakini katika habari ya ndugu yetu, gesi ambayo haikupunguzwa usiku ilichomwa yote asubuhi. Na kuhusu usingizi, mtu aliyetaka kulala asingepiga simu saa nane na nusu.

Nasi wafanya kazi tuna aibu yetu, na gazeti hili halitaificha. Wako wenzetu waandikao katika daftari la zamu neno moja tu, “kawaida”, kutoka mwanzo wa mwezi hata mwisho. Wako watiao dawa ya kuua povu bila kuandika kiasi, ili zamu ionekane njema. Mtu huyo amwachia mwenzake anayeingia mnara asioujua, tena ampa mwenye kazi silaha, maana siku ya shauri daftari litasema kwamba mambo yote yalikuwa kawaida mpaka huyu maskini alipoingia.

Basi haya ndiyo tunayodai kwa wenye kazi, mahali popote penye mitambo kama hii:

1. Mtu wa zamu apewe ruhusa iliyoandikwa ya kupunguza au kufunga gesi mnara ukitoka katika mipaka yake, bila kungoja simu ya mkubwa.

2. Kila kiasi cha dawa ya kuua povu kiandikwe, na ikitumika zaidi ya kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, uchunguzi ufanywe juu ya machujio, mkaa, maji na chuma chenyewe, na majibu yasomwe mbele ya wafanya kazi.

3. Kila mtu akaribiaye mnara awe na kipimo cha gesi mwilini, na mitungi ya hewa iwe karibu, imejaa, na watu wamefundishwa kuitumia.

4. Hakuna barua ya onyo kwa mtambo ulioharibika mpaka daftari la miezi iliyopita lifunguliwe.

Hapa Kenya madai haya yana msingi wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari kabla haijaondolewa, au kumfukuza kwa kuondoka hapo akiwa na sababu ya haki. Na mahali palipo na wafanya kazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka kuwe na kamati ya usalama. Mwanachama ambaye kazini kwake hakuna kamati na aje afisini atwambie.

Lakini sheria ya Kenya haimfuati mtu Ghuba, na katika nchi kadhaa za huko mfanya kazi mgeni haruhusiwi kuunda chama. Hatutamdanganya ndugu yetu kwamba tutaingia ofisi ya meneja wake kesho.

Kwa hivyo kwa swali lake la pili twamjibu hivi. Ndugu, mnara ukicheza tena, itazame presha mnarani, tikisa chupa, pima joto la dawa na la gesi. Piga simu mapema. Andika saa uliyopiga, jina la uliyesema naye, na neno alilokuambia, kama lilivyo. Andika dawa uliyotia, na presha kabla na baada. Ukisikia harufu ya mayai viza kisha ikapotea ghafula, usishukuru. Toka, uelekee upande upepo utokako, uwatoe na wengine. Mwenzako akianguka, usimwendee bila mtungi wa hewa. Na ukiona unyevu au ufa katika mshono, hata uwe mdogo kama ukucha, usiukaribie kuuchungulia: piga king'ora, watu waondoke.

Na hiyo barua ya onyo, usiitie sahihi bila kuandika chini yake kwamba uliarifu saa nane na nusu na ulikatazwa kupunguza gesi. Mahali pasipo na chama, daftari ndilo shahidi wako. Tutunzie nakala ya maneno uliyoyaandika, nasi tutaiweka hapa afisini pamoja na barua yako.